Ng'ombe Sitini na Mmoja wa Afande Alanyo

Watu wa hapa chini ya kilima cha Naguru wakikuambia kwamba Afande Alanyo amestaafu polisi akarudia utoto, kwamba anashinda kwenye gemu na vijana, waambie waje waniulize mimi Kulusum. Hashindi na vijana. Vijana wanapiga mpira wao kwenye tivii nne za ukutani, kelele na ubishi tupu, na yeye yuko kwenye kona yake, wamepeana mgongo. Tena hachezi. Anafuga.

Chumba ni changu. Kilikuwa cha mpwa wangu Kamis, na alipopata kazi Dubai akaniachia tivii tano na mashine tano, akasema ni kazi rahisi. Rahisi kwa nani? Mimi nimezaliwa Bombo, nimesuka vikapu na kukaanga sambusa maisha yangu yote, halafu uzeeni nianze kujua waya mwekundu hauingii kwenye tundu la njano. Lakini nimejua. Mimi ni mkaidi, na ukaidi ukipata kazi huwa unafaa.

Siku ya kwanza Alanyo alikuja kunishtaki. Alikuwa na miezi miwili tangu astaafu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mwanamke aliyezoea kuamka alfajiri kupiga saluti hajui afanye nini na asubuhi yake. Basi akaja kunipangia sheria za kelele. Akaanza, "Hajati," akaendelea kunihesabia makosa yangu kwa vidole. Maka sijafika, ila yeye kila mwanamke wa Kinubi kama mimi, mwenye miwani, ni Hajati. Alipofika kidole cha tatu akanyamaza. Kwenye kona, ile mashine ya tano, ya zamani, ya kijivu, ilikuwa imewashwa haina mtu, na kwenye kioo alikuwa amesimama ng'ombe mwekundu kando ya kisima, anacheua. Akaniuliza yule ng'ombe ni wa nani. Nikamwambia ni wa atakayekaa. Akakaa, na kelele hakuzitaja tena hadi leo.

Gemu lenyewe linaitwa Bonde. Unapewa kijumba, jembe na kuku wawili, basi, jitafutie. Unalima, unauza, unanunua ng'ombe, ng'ombe anazaa, miaka inapita. Lina matoleo mengi, limeanza vijana hawa hawajazaliwa, na kila toleo lina namna yake ya kukutunzia ulichofanya. Kamis alinieleza mpaka kichwa kikaniuma. Toleo la kwanza, ukitaka kesho uendelee ulipoachia, mashine inakuonyesha herufi thelathini na mbili unazinakili kwenye karatasi. Ukikosea moja, shamba hulioni tena. La pili likaleta kadi, kitu kidogo kama kiberiti, unaichomeka mbele ya mashine na kila kitu kinakaa humo. La tatu, ndilo hili letu, lina kadi vilevile, ila huwezi kuhifadhi unapotaka wewe. Lazima umrudishe mtu wako nyumbani, umlaze kitandani kwake, ndipo mashine ikuulize. Umeme ukikatika mtu wako yuko kisimani, siku yake yote imepotea. Kuanzia la nne, gemu linajihifadhi lenyewe, wewe huna habari.

Kamis alimshauri ahamie hilo la nne. Afande akakataa katakata. Akauliza, kama linajiandika lenyewe, nani ameweka sahihi?

Ujue huyu mwanamke alikaa polisi miaka ishirini na minane, na mingi ya hiyo alikuwa nyuma ya kaunta ya kituo kimoja huko Kawempe, akiandika kitabu cha kituo. Ajali, wizi wa kuku, mume kapigwa na mke, vyote vilipitia mkononi mwake. Na kitabu kina sheria zake. Kituo kimoja, kitabu kimoja. Huruki mstari. Huachi ukurasa mtupu, maana penye nafasi tupu ndipo mwongo anakuja kuandika uongo wake. Anayepokea zamu anaandika pale pale mwenzake alipoachia. Sheria hizo alizileta zote kwenye gemu. Kadi ina nafasi kumi na tano za kuhifadhia, naye miaka mitatu ametumia ya kwanza tu. Kamis akamwambia kwa simu, mama, weka na nakala kwenye nafasi ya pili. Akamjibu kwamba aliyewahi kuwa na vitabu viwili kituoni kwao alifukuzwa kazi. Mtoto wa watu akakata simu kwa adabu.

Ng'ombe wa kwanza aliponunuliwa, gemu likataka jina. Linakubali herufi nane tu. Alanyo akaandika Lakwar. Nikamuuliza ndiyo nini, akasema kwao Acholi ni kama kusema Mwekundu, na kwamba Lakwar alikuwa ng'ombe wa baba yake. Nikadhani ni mzaha. Wa pili akamwita Latar, yule mweupe, naye alikuwa wa baba yake. Wa tatu vilevile. Nikaweka kikaango chini, nikamwambia, afande, hebu nieleze.

Akanieleza kama anasoma kitabu chake cha kituo, sauti haipandi wala haishuki. Baba yake, kule upande wa Kitgum, alikuwa na ng'ombe sitini na mmoja. Mwaka wa themanini na saba, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, walikuja watu wenye bunduki alfajiri wakawaswaga wote. Hakubaki hata ndama. Baba yake hakupigwa. Alikaa tu mlangoni akitazama zizi, na akakaa hivyo miaka minne mpaka akafa. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Yeye akanipa leso yake akaendelea kukamua.

Kwa hiyo nikajua tunachofanya pale kwenye kona. Alitaka wote sitini na mmoja warudi, kila mmoja kwa jina lake. Na Bonde halina haraka. Ng'ombe anazaa ndama mmoja kwa mwaka wa gemu, zizi halipanuki mpaka ukate miti, kiangazi kinakuja nyasi zinakwisha, wengine wanaugua. Asubuhi baada ya asubuhi, saa tatu kamili mpaka saa sita. Mwaka huu Ramadhani ilipoisha walikuwa wamefika hamsini na wanane. Watatu tu wamebaki. Nilianza kuota ng'ombe, mimi ambaye sijawahi kumshika hata mkia.

Sasa tuje kwa mzee Okwir. Huyu ni askari magereza mstaafu, alilinda gereza la Luzira maisha yake yote na bado anakaa huko karibu na Port Bell. Alikuja Naguru kumwona mtu, mvua ikamkamata, akaingia kwangu kujikinga. Akamwona Alanyo, akawaona ng'ombe, na mpaka leo sijui ni nini kilimkamata zaidi. Ni Mlango, yaani wa kabila la Walango wa kule Lira, na Mlango na Mwacholi wakikutana lazima wataniane kwanza. Akamwambia kwamba Mwacholi akichunga, ng'ombe wanakonda. Afande akamjibu kwamba Mlango akichunga, ng'ombe wanapungua. Wakapatana.

Toka hapo Okwir akawa anapanda boda kutoka Luzira, siku tatu kwa juma, mwendo wote huo, na shati limepigwa pasi. Akapewa zamu ya jioni. Alanyo akimaliza asubuhi, anamlaza mtu wake, anahifadhi, anaiacha mashine imewashwa, na jioni Okwir anaendelea na kuchota maji na kukata nyasi. Kuuza ng'ombe ni marufuku, kumpa ng'ombe jina ni marufuku. Amefundishwa sheria zote, kituo kimoja kitabu kimoja, na kwa sababu ni askari hakuuliza kwa nini. Mimi nilikuwa namtania kwamba kuna mfungwa mmoja Luzira alitoroka, naye ndiye anayetembea hapa amefungwa moyo. Anacheka tu, anafuta miwani.

Siku ya balaa ilikuwa Alhamisi. Mchana umeme ulikatika, lakini Alanyo alikuwa ameshahifadhi na kuondoka, hamna wasiwasi. Saa kumi ukarudi, na Okwir akafika. Sasa mashine imezimika, na yeye hajawahi kuiwasha. Siku zote hulikuta bonde liko wazi linamsubiri. Akaiwasha. Ikamwonyesha maneno mawili, kuanza na kuendelea. Akabonyeza la juu, ambalo ni kuanza. Akajikuta kwenye kijumba, ana jembe na kuku wawili.

Mtu mwingine angeshtuka. Okwir alidhani amehamishiwa kituo kingine. Wallahi, ndivyo alivyoniambia baadaye. Serikalini ndivyo ilivyo, unaamka unaambiwa umehamishwa, unachukua sanduku lako unaenda. Akadhani afande amempa shamba la pili alisimamie, akalima kwa bidii. Alipanda kabichi mistari minne imenyooka kama gwaride.

Jua likaanza kuzama, akamlaza mtu wake. Kadi ikafunguka. Mstari wa kwanza umeandikwa, kumi na nne mitupu. Akakumbuka alivyofundishwa: huanzi kitabu kingine, huruki ukurasa, unaandika pale mwenzako alipoachia. Akachagua wa kwanza. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akaniita, "Hajati, hapa linauliza swali."

Na mimi nilifanya nini? Adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza, mafuta yapo jikoni, vijana hawataki kutoka. Sikugeuka hata kutazama. Nikamwambia akubali, afunge, tuondoke. Akakubali. Haraka haraka haina baraka, nimewaambia watoto wa watu maneno hayo mara elfu.

Ijumaa, saa tatu kamili, Alanyo akakaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nakunja vitambaa vya sambusa, nikasikia kimya. Kawaida gemu likifunguka ng'ombe wote wanalia pamoja, hata vijana wamezoea. Nilisikia kuku wawili. Nikaenda nikasimama nyuma yake. Zizi hakuna, kisima hakuna, ni kijumba na kabichi. Alibonyeza akatoka, akaingia tena. Kuku wawili. Akatoka, akaingia. Akavua miwani akaiweka mapajani.

"Wamewachukua," akasema.

Moyo wangu ukaniuma kwa uchungu na kwa aibu pia, maana nilishakumbuka ile sauti, hapa linauliza swali, na nilijua ni kinywa cha nani kilichojibu. Nikanyamaza. Nawaambia ukweli, nilinyamaza.

Badala yake nikampigia Kamis Dubai. Akasema kilichoandikiwa juu hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Akaongeza kwamba ingekuwa matoleo mapya, nakala ingekuwa imekaa mawinguni. Nikamuuliza mawingu gani, ya Dubai au ya huku, akasema, basi tu, shangazi.

Okwir alifika kwa boda kabla ya adhuhuri, hajala. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba kuna jambo la ng'ombe, na uso wake ulionyesha kwamba njia nzima alikuwa anafikiria ugonjwa. Alipoona kioo, kisha akamwona Alanyo, alielewa polepole, na mzee wa watu akakaa chini kwenye kreti la soda. Akaanza kuomba msamaha. Afande akainua mkono. Alikuwa ameenda nyumbani akarudi na karatasi za mistari na kalamu. Akamwambia aandike maelezo.

Msicheke. Kwa watu hawa, jambo likiwa kubwa linaandikwa. Okwir akaandika kurasa mbili na nusu: jina, kabila, kazi aliyoacha, saa aliyofika, umeme, kuku, kabichi, vyote. Vijana walikuwa wanachungulia, nikawafukuza na taulo. Alipokuwa anamalizia, nikaona yule mtu anajitwisha mzigo wote peke yake, hakunitaja mahali popote. Hapo nilishindwa. Nikavuta kiti nikasema na mimi niandikwe, mimi ndiye niliyemwambia akubali, na sikutazama. Afande akanitazama muda mrefu. Nilitamani anitukane, ningepumua. Akaandika jina langu tu, akanipa niweke sahihi.

Kisha akasoma maelezo ya Okwir kimyakimya, mara ya kwanza na ya pili. Kuna mahali alikuwa anarudi. Nilichungulia. Mzee alikuwa ameandika kwamba alichagua mstari wa kwanza kwa kufuata agizo la mkuu wa zamu, la kutokuruka ukurasa.

"Agizo lilikuwa langu," Alanyo akasema. Akakunja karatasi. "Kitabu cha kituo unaandika chini ya maneno ya mwenzako. Hii kadi inaandika juu yake. Sikuuliza."

Okwir akasema atakuja kila siku, si siku tatu, ataanza na hao kuku na atawarudisha wote hamsini na wanane, hata akifa kwenye kreti lile. Anachoomba ni orodha ya majina tu, kwa sababu hakuwahi kuyashika yote.

Afande akasema majina si shida. Akaanza kuyataja. Hakutaja kwa herufi nane za gemu, alitaja majina mazima, kwa Kiacholi, kufuata namna walivyokuwa wakirudi kutoka mtoni jioni, nani mbele, nani anamfuata, nani anabaki nyuma akichelewesha wengine. Alikuwa amefumba macho na kidole kinatembea hewani kwenye njia. Mimi Kiacholi changu ni cha sokoni, lakini nilikuwa nawaona. Kijana mmoja akapunguza sauti ya mpira bila kuambiwa, na wengine wakafuata. Alifika sitini na mmoja, yule ndama wa mwisho, akafumbua macho, na nilishangaa kuona uso wake umetulia.

Kisha akamuuliza Okwir, na wa baba yako?

Walango nao waliswagiwa miaka ile ile. Okwir akasema walikuwa thelathini na kitu. Yeye alikuwa ameshaajiriwa, yuko Luzira anahesabu wafungwa, na alipopata likizo alikuta zizi limeota nyasi mpaka kiunoni. Hakuuliza kitu, na baba yake hakusema kitu. Majina? Akatikisa kichwa. Alikuwa na haya kama mtu aliyesahau majina ya watoto wake.

"Wangu hakuna anayeweza kuwafuta, umewasikia," Alanyo akamwambia. "Wako ndio wanaopotea. Kaa hapa."

Akamwachia kiti chake. Mimi nimeishi na kile kiti miaka mitatu, hakuna mwingine aliyewahi kukikalia asubuhi. Okwir akakikalia kama kina moto.

Ile Ijumaa mpaka jioni, na Jumamosi, na Jumapili baada ya wao kutoka kanisani, walilima wawili. Kabichi zilikuwa zimenyooka, ziliuzika vizuri, lazima nimpe sifa yake. Jumatatu wakaenda kwenye soko la gemu wakanunua ng'ombe wa kwanza, mweupe mwenye doa. Kisanduku cha jina kikafunguka, kistari kikawa kinamwekamweka. Okwir akashika vitufe. Dakika moja, mbili, tano. Afande hakumsaidia, alikaa pembeni mikono magotini. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele andika chochote, lakini safari hii nilikuwa nimejifunza.

Mzee akatoa simu, akampigia dada yake Adoch huko Lira, mkubwa wake, ana miaka sabini na tano. Akaweka sauti juu. Alipomuuliza majina ya ng'ombe wa baba, mama yule alicheka kwanza, akauliza kama amelewa asubuhi yote hii. Okwir akarudia swali. Sauti ya dada ikawa ndogo ghafla, ikasema kulikuwa na Apar. Apar, yaani Kumi, kwa sababu alinunuliwa wakiwa wako tisa. Alikuwa mkorofi, alikula shuka la mama likiwa kwenye kamba.

"Alikula shuka," Okwir akasema. "Nilichapwa mimi."

Alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka hadi kwenye kola ya shati lake la pasi, wala hakuyafuta. Akaandika herufi nne, moja moja, kwa kidole kimoja. Apar akasimama kwenye nyasi, akatikisa masikio.

Afande Alanyo akasogeza kreti karibu na kiti, akainama kuelekea kwenye simu.

"Dada," akasema, "wakirudi kutoka majini, nyuma ya Apar alikuwa nani?"